Mwalimu wa Nansio, hiyo laki tano usiitume kwanza

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri miaka 61, naishi Nansio, Ukerewe. Niling'olewa magego matatu ya chini mwaka 2014, mawili kushoto na moja kulia. Nilitengenezewa pleti ya plastiki lakini inacheza, naivaa kanisani tu. Viazi vikavu vya michembe nimeviaga, na nyama nakatiwa vipande kama mtoto. Hapo Mwanza nimeambiwa kupandikiza ni 2,900,000 kwa jino moja. Kuna wakala anasema India ni 1,600,000, ndani ya siku kumi nimerudi, na nikiongeza fedha watanivika meno yote ya mbele yawe meupe, maana mimi ni mzaliwa wa Maswa na nina ile kahawia yetu. Tiketi ya kwenda na kurudi kuanzia Mwanza ni kama 2,400,000. Anataka laki tano ya kushika nafasi kabla ya Ijumaa, punguzo linaisha. Kiinua mgongo nilichobakiza kinatosha. Niende? Nina sukari kidogo lakini natumia dawa."

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na jambo kubwa kuliko yote umeliweka mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kuaga wakati ameshafika mlangoni: sukari kidogo. Nikiwa kazini nasikia neno hilo karibu kila wiki. Wenye presha nao wana "presha kidogo". Sukari, Mwalimu, ama imedhibitiwa ama haijadhibitiwa, na kinachonipa jibu ni kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Wanakiita HbA1c. Kile cha kutoboa kidole asubuhi kinasema habari ya asubuhi hiyo tu, na wagonjwa wangu wengi hujinyima wali siku mbili kabla ya kliniki ili daktari afurahi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya namna pandikizi linavyofanya kazi. Ni skrubu ya titani, urefu wake kama sentimita moja, unene kama milimita nne, inayochomekwa ndani ya mfupa wa taya. Siku inapowekwa inashikwa na ubanaji tu, kama msumari kwenye ubao. Kazi yenyewe inaanza baadaye: chembe za mfupa huota taratibu na kuikumbatia titani mpaka vikawa kitu kimoja. Aliyegundua kwamba mfupa unaikubali titani hivyo ni Msweden Per-Ingvar Brånemark, na mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Mgonjwa huyo alikaa na meno yale zaidi ya miaka arobaini, mpaka alipofariki. Kwa hiyo kitu chenyewe ni kizuri, wala sikukatishi tamaa.

Lakini mfupa wa mtu ambaye sukari yake iko juu huota polepole, na fizi zake hushambuliwa kirahisi. Kipimo chako kikiwa karibu na asilimia 7, tunaongea vizuri. Kikipita 8, mimi binafsi siweki pandikizi mpaka kishuke, na madaktari wengi waangalifu watakwambia hivyo hivyo. Kuna jambo jingine wagonjwa wa sukari hawaambiwi vya kutosha: ugonjwa wa fizi nao hupandisha sukari. Fizi zikitibiwa vizuri, sukari nayo huwa rahisi zaidi kuidhibiti. Ndiyo maana nataka kujua yale magego matatu yaling'olewa kwa nini. Yalitoboka? Au yalianza kulegea yenyewe, fizi zikitoa damu ukipiga mswaki? Kama yalilegea, ugonjwa ulioyaondoa huenda bado upo mdomoni, na ukienda kuchomeka titani ndani ya fizi hizo hizo, hata hiyo titani italegea.

Je, wakala alikuuliza habari ya sukari?

Sasa tuje kwenye hizo siku kumi. Taya la chini huhitaji kama miezi mitatu mfupa ushike, la juu hata miezi sita. Utaratibu wa kawaida ni safari ya kwanza kuchomeka skrubu, kurudi nyumbani kusubiri, kisha safari ya pili kuvika kofia, yaani lile jino lenyewe linaloonekana. Yapo meno yanayofungwa siku hiyo hiyo, sikatai. Hufanywa zaidi kwa mtu asiyekuwa na jino hata moja kwenye taya, anawekewa skrubu nne au zaidi zilizounganishwa pamoja zikashikana, na hata huyo hupewa meno ya muda kwanza, ya kudumu yanafuata baadaye. Wewe una mapengo ya magego, mahali pa kusagia penye nguvu kubwa kuliko kote mdomoni, na una sukari. Mtu wa namna yako akiahidiwa magego kamili kwa siku kumi, mimi nashtuka.

Kwa hiyo hesabu yako ni ya safari mbili, na wewe ni mwalimu, tuipige. Mwanza ni 2,900,000 mara tatu, 8,700,000. India 1,600,000 mara tatu, 4,800,000. Tofauti ni 3,900,000, na hapo ndipo wakala anapofunga daftari lake. Tufungue letu. Tiketi mbili ni 4,800,000. Umeshaona? Kabla hujalala hata usiku mmoja umefika 9,600,000, laki tisa juu ya bei ya Mwanza. Ongeza pasipoti 150,000 kama huna, viza ya matibabu, na malazi na chakula. Tuseme laki moja kwa siku, siku kumi safari ya kwanza na siku saba ya pili: 1,700,000. Hapo hujaenda na mtu wa kukusindikiza, na mgonjwa wa sukari wa miaka 61 anayefanyiwa upasuaji mbali na kwao, mimi singemwacha aende peke yake.

Kwa bei hizi ulizonitajia, kila jino linakuokolea 1,300,000, na safari mbili, pasipoti na kukaa vinakula kama 6,650,000. Inabidi uwe unaweka meno sita ndipo India ianze kuwa rahisi. Mwenye taya zima la kujenga upya, au mwenye mtoto anayesoma kule wa kumpokea na kumlaza bure, hesabu yake ni nyingine kabisa, na mtu wa hivyo nimeshawahi kumwambia aende. Wewe una matatu.

Usije ukadhani nasema hivi kulinda kibarua changu, au kwamba madaktari wa huko hawajui. Baadhi ya wenzangu wazuri wamesomea huko. India ina vyuo vya udaktari wa meno zaidi ya mia tatu, wakati sisi kwa miaka mingi tulitegemea Muhimbili peke yake. Madaktari ni wengi, maabara za kutengeneza meno zimejaa kila mji, wanashindana, bei inashuka. Hapa kwetu skrubu, kofia na bisibisi yake vyote vinaagizwa kwa dola. Unafuu wa kule ni wa kweli. Ninachokipinga ni kuuhesabu bila safari ya pili, na bila ile ya tatu ambayo hakuna anayeipanga.

Hiyo ya tatu nikueleze kwa kisa. Miaka michache iliyopita alinijia mfanyabiashara wa sangara kutoka Kirumba, mtu mzima, ana uwezo wake. Alikuwa amepandikizwa nje ya nchi, kazi safi, mfupa umeshika vizuri sana. Tatizo lake lilikuwa dogo: kofia ilikuwa inazunguka. Ndani ya jino la kupandikiza kuna skrubu ndogo inayounganisha kofia na kile kilichomo mfupani, na skrubu hiyo wakati mwingine hulegea, kama ya mguu wa miwani. Dawa yake ni kuikaza, dakika tano. Nikatoboa kijishimo juu ya kofia, nikamulika, nikaona kichwa cha skrubu kinang'aa kule chini. Nikaleta bisibisi ya kwanza, haikuingia. Ya pili ikaingia, ikazunguka bure. Ya tatu ilikuwa nene. Kila kiwanda kina skrubu zake na bisibisi zake, na zipo aina nyingi sana duniani. Nikamuuliza karatasi zake, akatoa risiti ya malipo. Basi. Tukawaandikia waliomtibu, wiki mbili kimya. Mwisho mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam aliitambua aina yake kwa kutazama picha ya eksirei, bisibisi ikaagizwa. Kazi ya dakika tano ilichukua wiki saba, na yule bwana wakati wote huo alitafuna upande mmoja huku ameshalipa mamilioni.

Kwa hiyo yeyote anayekwenda, iwe India, Uturuki, Nairobi au Dar, asiondoke bila karatasi yenye jina la kiwanda cha pandikizi, saizi yake na namba ya toleo. Huwa ni stika ndogo inayotoka kwenye boksi lake, wanaibandika kwenye kadi ya mgonjwa. Daktari asiye na stika ya kukupa, muulize alichokuwekea kimetoka wapi. Na ile garantii ya miaka kumi wanayoitangaza, soma herufi ndogo: mara nyingi inalipia kitu chenyewe tu, na ni lazima urudi kwao. Nauli ni yako.

Meno ya mbele sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, Mwalimu, unisamehe.

Kahawia yako imetokana na madini ya floridi kwenye maji uliyokunywa utotoni, kabla hujafika kama miaka minane, wakati meno yanajijenga ndani ya fizi. Maji ya visima vya Shinyanga na Simiyu yana sehemu nyingi zenye floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Ziwa letu halina shida hiyo, ila magadi ya kulainishia maharage na mboga nayo hubeba floridi, ndiyo maana hata watoto wa pwani ya ziwa wengine wana madoa. Umeyabeba meno hayo miaka zaidi ya hamsini, umefundisha nayo, umeoa nayo. Na mara nyingi rangi hiyo imekaa kwenye tabaka la nje tu.

Kumvika mtu kofia ni kumsaga jino pande zote, mbele, nyuma na kichwani, mpaka libaki kisiki. Kwa jino lililooza nusu, sawa, kofia inaliokoa. Kwa jino zima, lisilouma, eti kwa sababu ya rangi? Gamba la jino likishasagwa halioti tena maisha yako yote. Baadhi ya meno hayo mshipa wake utakufa ndani kwa ndani, utaumwa usiku mwaka mmoja au mitano baadaye, na itabidi kofia itobolewe litibiwe mzizi. Kofia zenyewe zikitunzwa vizuri hudumu miaka kumi, kumi na tano, halafu hubadilishwa. Ukiwa na miaka 75 nani atakurudisha India kubadilisha kofia zote hizo? Waingereza waliokwenda Uturuki kwa wingi kufuata meno meupe wengi wao wamekutana na hayo, na madaktari wa kwao wamelipigia kelele sana.

Kama kahawia inakukera, na una haki ikukere, iko njia ya kulisugua lile tabaka la juu kwa asidi hafifu na unga maalumu, kisha kung'arisha. Ikibaki alama, tunaifunika kwa ile dawa nyeupe ya kuzibia meno, bila kusaga au kwa kukwangua kidogo sana. Ni kazi ya siku moja au mbili. Kama meno yako yameshaanza kumeguka vipande hapo tuzungumze mengine, lakini hukusema hivyo.

Turudi kwenye michembe. Ulichokikosa hasa ni kutafuna, na kutafuna hakudai meno yote thelathini na mawili. Utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba mtu mwenye magego yake madogo yote, na walau jozi moja ya magego makubwa ya juu na chini yanayokutana, hutafuna vizuri tu. Kulia umepoteza gego moja. Inawezekana kabisa upande huo una jozi nzima inayofanya kazi na umeacha kuutumia kwa mazoea, au kwa sababu kuna jino jingine huko linalouma hukunitajia. Shida ni kushoto.

Na kushoto, tangu 2014, mambo hayakukaa kukusubiri. Pengo likikaa miaka kumi, gego la juu lililokosa mwenzake huteremka, la nyuma yake hulala kuelekea pengoni, na mfupa wenyewe husinyaa. Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaokwenda mdomoni, na mfupa uliosinyaa huuacha karibu. Skrubu ikiugusa, mdomo wa chini unabaki na ganzi, pengine kwa kudumu. Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajakutajia bei lazima awe na picha, na ikiwezekana sitiskani ya taya. Huyo wakala amekutajia bei akiwa na picha gani? Ya simu?

Ningekuwa wewe ningeanza na pleti. Hiyo ya plastiki inacheza kwa sababu ilitengenezwa kukaa juu ya fizi tupu na taya limebadilika chini yake. Ipo pleti ya fremu ya chuma, nyembamba, yenye vidole vinavyoshika meno yaliyobaki na vituo vidogo vinavyokaa juu ya meno ili uzito usiangukie fizi. Haichezi kama ile, na bei yake haifiki hata ya pandikizi moja. Wengi hawaijui kwa sababu haitangazwi, haina wakala. Ukiizoea kwa miezi sita, na sukari ikiwa imeshuka, fizi zimetulia, tunaweza kuzungumza habari ya pandikizi moja kushoto, kwa fedha ambayo hutakuwa umeimalizia angani.

Na ikifika huko, hulazimiki kukubali bei ya kwanza uliyoambiwa Mwanza. Uliza sehemu mbili tatu, uliza Dar. Nairobi kuna mabingwa wazuri na basi la Sirari linakufikisha. Kampala nayo, kupitia Mutukula, imesogea tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hulali tena ukisubiri kivuko. Bei zao si lazima ziwe chini ya zetu. Faida yao ni kwamba skrubu ikilegea unapanda basi, huombi viza. Popote utakapokwenda, namba ya usajili ya daktari iulizwe: kwetu ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya na Uganda nao wana mabaraza yao. Uliza pia vifaa vinachemshwaje. Jibu linalotakiwa ni mashine ya mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 au 134, na kila kifaa kikifunguliwa kutoka kwenye pakiti yake mbele ya macho yako. Homa ya ini aina ya B haitofautishi kliniki yenye vioo na isiyo na vioo.

Kama pamoja na yote haya moyo wako umeshapanda ndege, na watu wazima huamua wenyewe, basi walau usirudi kabla ya nyuzi kutolewa, siku saba hadi kumi, kwa kuwa maambukizi hupenda kujitokeza siku ya tatu, ya nne, ya tano, yaani ukiwa umeshakaa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Na kadi ya homa ya manjano uwe nayo, chanjo ichomwe si chini ya siku kumi kabla, maana India hawana mzaha na hiyo hasa ukipitia Nairobi au Addis Ababa.

Kuhusu Ijumaa: punguzo la meno linalooza kabla ya wikiendi sijawahi kuliona. Kama ni la kweli, mwombe akutumie kwanza mpango wa matibabu ulioandikwa na daktari mwenye jina na namba ya usajili, ukiwa na picha ya taya lako na habari ya sukari yako ndani yake. Laki tano ibaki kwenye simu yako.

Hapo Nansio anzia hospitali ya wilaya, pima hiyo HbA1c. Kama hawana, utapima ukivuka. Mwanza nenda kitengo cha meno Bugando au Sekou Toure, au kwa daktari yeyote aliyesajiliwa, wapige picha ya taya zima na wakukwangue ugaga. Siku hiyo usifunge. Wagonjwa wangu wengi wa visiwani hupanda meli ya alfajiri hawajaweka kitu tumboni, wanafika saa nne sukari imeshuka wanatetemeka kwenye kiti, halafu wanadhani ni woga wa sindano. Kunywa chai, kula, meza dawa zako kama kawaida, na dawa zote njoo nazo kwenye mfuko. Ile pleti ya kanisani nayo iwe mdomoni siku hiyo, tuione inavyocheza.